Siku ya Tatu, Mpe Jembe

Mwaka 1896 walimu wawili Waganda waliondoka Boga kwa sababu ya njaa. Boga ni mji mdogo ng'ambo ya mto Semliki, ukingoni mwa msitu wa Ituri, na siku hizi uko Kongo. Walikuwa wametumwa kufundisha watu kusoma na kuwahubiria Injili. Shida ikaja kwenye chakula. Kwao Buganda shamba lilikuwa kazi ya wanawake, na mwalimu hakutarajiwa kushika jembe. Chifu Tabaro na watu wake nao hawakuona kwa nini wawalishe wanaume wazima wenye mikono yao miwili. Wakafungasha, wakarudi.

Aliyekwenda baada yao ni Apolo Kivebulaya, Mganda mwenzao, mtu wa miaka thelathini na kitu, aliyewahi kubeba bunduki katika vita vya Buganda na aliyebatizwa mwaka uliotangulia tu. Habari za wenzake zilikuwa zimeshamfikia. Akiwa njiani akanunua jembe kwa simbi, makombe yaliyotumika kama fedha.

Kisa hiki nimekisimulia mno kwenye kamati ya uinjilisti ya kanisa letu hapa Dodoma, kiasi kwamba mhazini akiona tu nimenyoosha mkono husema, "Haya, tusikie la jembe." Mhazini wetu alikuwa mhasibu wa serikali kabla hajastaafu, na katika mambo haya yeye na mimi ni paka na panya. Mwaka huu tumegombania mchele. Nitafika huko.

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii tunaitumia kumtania shemeji aliyekaa mno, tukikazia jembe na kuzisahau zile siku mbili. Kabla ya jembe kuna kula. Mgeni anakula kwanza cha mwenyeji, bila kulipa na bila kuchagua, halafu ndipo anaingia shambani pamoja na wengine. Kwangu mimi habari za umisheni katika nchi zetu ziko humo. Kuna waliokubali kulishwa na kuna waliokataa. Na miongoni mwa waliolishwa, kuna walioinuka wakalima na kuna waliobaki kwenye kigoda.

Yesu alipowatuma wale sabini, katika Luka 10, aliwakataza mfuko, mkoba na hata viatu, kisha akawaambia wakae katika nyumba itakayowapokea na wasihamehame: "vileni vyakula viwekwavyo mbele yenu." Mhazini yeyote angeurudisha mpango huo ukarekebishwe. Watu wanapelekwa mijini kwa makusudi wakiwa hawana kitu, ili siku ya kwanza tu wawe na deni kwa wale wanaowahubiria. Mwenye ujumbe ndiye anayeomba maji. Petro naye alipotoka nyumbani kwa Kornelio, akida wa Kirumi, wale wa Yerusalemu hawakumshambulia kwa kuhubiri. Walimwambia, "Uliingia kwa watu wasiotahiriwa, ukala nao." Kilichowachoma ni sahani.

Sasa tazama karne ya 19 ilivyokwenda hapa kwetu. Mwaka 1877 Alexander Mackay, fundi mitambo wa Kiskoti aliyetumwa na CMS, shirika la misheni la Waanglikana wa Uingereza, alikata barabara ya kutoka Saadani hadi Mpwapwa, maili 230, ili mizigo ya misheni ipite. Mwaka huohuo shirika la LMS la London nalo lilishusha watu Saadani wenye mpango wa kufika Ujiji kwa mikokoteni ya ng'ombe. Mbung'o wakawamaliza ng'ombe. Mizigo ikarudi vichwani mwa wapagazi, na Ujiji ikafikiwa Agosti 1878 baada ya taabu kubwa. Katibu wa shirika hilo, Joseph Mullens, akaondoka ofisini London kuja kuongoza mwenyewe kundi lililofuata. Alifariki Julai 1879 kabla hajaiona Ujiji, na kaburi lake liko Mpwapwa.

Sisemi walikuwa watu wabaya. Walikuwa na ujasiri ambao mimi sina. Lakini msafara wa namna ile ulikuwa duka linalotembea: marobota ya nguo, shanga, nyaya za shaba, masanduku ya dawa na vyakula vya kopo. Duka likipita mlangoni pako, unalifanyia biashara. Sisi Wagogo tuna sifa mbaya katika vitabu vya wasafiri wa wakati ule kwa sababu ya hongo tuliyotoza. Mtemi alikuwa hakuachii kisima kabla ya nguo kuhesabiwa. Sitawatetea sana mababu zangu, ila kama umewahi kukatiza Ugogo mwezi wa Oktoba unajua maji yake yana thamani gani.

Kisa kinachoonyesha hili waziwazi kuliko vyote ni cha Johannes Rebmann. Huyu alikuwa Mjerumani aliyefika pwani mwaka 1846 kumsaidia Ludwig Krapf. Krapf alikuwa ametangulia Mombasa mwaka 1844, na katika miezi michache tu akamzika mkewe Rosine pamoja na binti yao mchanga. Wazee wa Rabai, vilimani nyuma ya Mombasa, waliporidhia, wanaume hao wawili wakapanda kuishi kule juu, kwa Mijikenda. Mwaka 1848 Rebmann akatoka kwenda Uchaga akiwa na wapagazi tisa na mwavuli. Bunduki hakubeba. Aliyemwongoza ni Bwana Kheri, Mswahili Mwislamu aliyezijua njia za bara. Tarehe 11 Mei akaiona theluji ya Kilimanjaro, jambo ambalo mabingwa wa jiografia wa Ulaya walilibishia kwa miaka. Masaki, mangi (yaani mtemi wa Kichaga) wa Kilema, akampokea vizuri, na akarudi pwani salama.

Safari ya tatu, mwaka 1849, Rebmann alijiandaa kwelikweli. Alitaka kupita Uchaga hadi Unyamwezi, kwa hiyo alikwenda na wapagazi kama thelathini na shehena ya nguo na shanga. Mangi Mamkinga wa Machame alimkaribisha, akamweka, na siku baada ya siku akamwomba kipande hiki na kile mpaka shehena ikaisha. Rebmann akalia machozi mbele ya mangi. Alirudi Rabai mikono mitupu, na Unyamwezi hakuiona. Mtu ni yuleyule na mlima ni uleule. Kilichozidi ni mzigo.

Baada ya hapo alikaa Rabai. Krapf aliondoka kwa sababu ya afya. Yeye alibaki hadi 1875, akiandika misamiati na kufundisha watu wachache mno hata wageni waliompitia walimwona kama mtu aliyesahauliwa na waliomtuma. Macho yakapofuka. Aliporudi kwao alishikwa mkono na Isaac Nyondo, kijana wa Rabai, mtoto wa mmoja wa wale wachache waliobatizwa. Mara nyingi tunamtaja Rebmann kwa ajili ya theluji. Mimi namkumbuka kwa huyo kijana aliyevuka naye bahari hadi Ujerumani. Mtu hapelekwi kwao na mtoto wa jirani kama hakuwahi kuwa jirani.

Upande wa Kondoa kuna kijiji ambacho kanisa letu limekuwa likikitembelea. Tulikwenda huko kwa mkutano wa injili wa siku tatu: kwaya ya vijana kwenye Coaster, na kwenye lori jenereta, spika nne kubwa, projekta ya kuonyesha sinema ya Yesu usiku, magodoro, magunia ya mchele, maharage, madumu ya mafuta ya kula, na mpishi wetu. Tulifikia shule ya msingi. Kuni tulinunua, na maji tulikuja nayo kwenye tangi. Ratiba ilikuwa safi kabisa, na ukiniuliza nani aliiandika nitakwambia ni mimi, kwa hiyo najua hakukuwa na nusu saa ambayo mtu wa kijiji angeweza kutudai.

Jioni ya kwanza akaja bibi mmoja mwenye kanga iliyopauka, ameshika bakuli la bati lililofunikwa sahani. Ndani mlikuwa na njugu mawe zilizochemshwa, bado zinatoa mvuke, na chumvi kidogo pembeni kwenye karatasi. Kiongozi wa safari, kijana mwenye adabu zake, akampokea kwa mikono miwili, akamshukuru, kisha akamwambia, "Lakini usijisumbue tena, mama, sisi tumekuja na kila kitu."

Bibi akaitikia, "Haya, baba." Akasimama kidogo akiangalia vyungu vyetu. "Nilitaka tu mje mkae."

Mwinjilisti anayeishi pale aliyasikia. Ni mtu mwembamba, analima alizeti na uwele, ana baiskeli ya kanisa na posho ambayo ikifika inakuwa imeshachelewa. Kesho yake asubuhi, kwaya ikiwa inafanya mazoezi, akanichukua mimi na kijana mwingine mpaka kwa yule bibi. Tukakalishwa kwenye mkeka. Ukaja ugali wa uwele na mlenda, na tukala na wajukuu kutoka chungu kimoja. Mlenda ule ulikuwa na kitu ambacho wapishi wa mjini hawakijui, nadhani ni magadi ya huko, lakini tuliache hilo.

Tulipomaliza kunawa, bibi akauliza swali ambalo siku tatu za spika hazikulitoa kwa mtu yeyote. "Huyu Yesu mnayemsema. Mtu aliyekufa kabla hajasikia habari zake inakuwaje? Mume wangu alikuwa mtu mzuri."

Mimi nilikuwa na majibu. Nimesoma kozi za uinjilisti, na majibu ya swali hilo yana namba za aya. Mwinjilisti akanitangulia. Akasema, "Mzee nilimfahamu. Ndiye aliyenionyesha mpaka wa shamba langu." Akanyamaza, akichokonoa mkeka. "Orodha sijapewa, mama. Ninayemjua ni atakayehukumu, na huyo namwamini." Bibi akatikisa kichwa taratibu, akamwuliza kuhusu mtoto wa mwinjilisti aliyekuwa anaumwa, na mazungumzo yakaenda upande huo.

Ule mkutano nao ulikuwa na matunda yake, nisiupake matope. Watu walikuja wengi, waliinua mikono, tukaandika majina yao kwenye fomu na idadi ikatangazwa kanisani Jumapili iliyofuata kwa vigelegele. Jioni ya mwisho tulimkabidhi mwinjilisti zile fomu kwa ajili ya malezi ya waongofu wapya. Akazipitia chini ya taa ya jenereta, moja moja. "Huyu ni wa mnadani," akasema, maana siku ya pili ilikuwa siku ya mnada. "Huyu pia. Huyu anauza viatu, anakaa Babati. Huyu alishaokoka mwaka juzi, anapenda tu kuombewa." Mwishoni alibaki na fomu chache mkononi, na hizo akazikunja akazitia mfukoni mwa shati.

Apolo hakuwahi kuwa na fomu. Kule Boga alilima, alifundisha kusoma, na chifu Tabaro hakumpenda, kwa kuwa mwalimu huyu alikemea pombe na wingi wa wake. Kisha watu walipokuwa wakikata majani ya kumjengea Apolo, dada yake Tabaro alianguka juu ya mkuki uliokuwa umefichika kwenye majani, akafa. Lawama ikamwangukia Apolo. Alikamatwa, akapigwa, akapelekwa Toro, upande wa Uganda, akafungwa. Baadaye ikaonekana hana hatia, akaachiliwa. Angeweza kuomba kazi mahali pengine na hakuna ambaye angemlaumu. Akarudi Boga. Tabaro mwenyewe hatimaye alibatizwa, akaitwa Paulo. Mpaka wa wakoloni ulipowekwa sawa, Boga ikawa Kongo ya Wabelgiji, na Apolo akawa mgeni wa serikali nyingine bila ya yeye kuhama. Alipokwisha kupata uzee alianza upya, kwa Wambuti wa msituni, katika miaka ya 1920. Alifariki Mei 1933. Wanaosimulia habari zake husema aliagiza azikwe kichwa kikielekea magharibi, kwenye msitu, kinyume cha desturi, kwa kuwa kazi ya upande ule ilikuwa haijaisha. Kanisa la Anglikana la Kongo lina mizizi yake hapo.

Watu wa namna yake walikuwa wengi, na wengi wao majina yao yamebaki kwenye daftari za ubatizo tu. Mpagazi aliyejifunza Sala ya Bwana njiani na kuifikisha kijijini kwao. Mtoto aliyekombolewa utumwani na kulelewa Bagamoyo au Unguja, akatumwa bara akiwa katekista. Cecil Majaliwa, mmoja wa waliopitia njia hiyo Unguja, alikuwa padri mwaka 1890 na aliwatumikia Wayao kule kusini kwa miaka. Picha ya mmisionari katika vichwa vyetu bado ni mzungu mwenye kofia ngumu. Lakini ukihesabu nyayo, waliozunguka ni hawa.

Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, na Uganda katika miaka ya 1930 ulisambaa kwa namna hiyohiyo. Wale ndugu walisafiri kwa basi, kwa lori, kwa miguu, na walilala nyumbani kwa ndugu wenzao. Ndugu wa Kigezi, Uganda, akifika Ugogo analala kwenye ngozi ya mwenyeji wake na kula kilichopo. Waliokuwa wakichukiana kikabila walijikuta wanaungama dhambi zao mezani, mbele ya watoto wa nyumba. Festo Kivengere, ambaye baadaye alikuwa askofu wa Kigezi na alimkimbia Idi Amin mwaka 1977, alikuja hapa Dodoma katika miaka ya 1940 akiwa mwalimu wa shule. Alifundisha siku za kazi, akahubiri siku za mapumziko. Huyo naye alikuwa na jembe lake, ingawa lilikuwa chaki.

Kuna umisheni mwingine ambao kamati yetu haijawahi kuuwekea fungu. Rafiki yangu mmoja alifanya kazi za ndani Muscat. Ijumaa ambazo aliruhusiwa kutoka alikwenda kusali Ruwi, kwenye eneo lililotengwa kwa ajili ya makanisa, maana huko ibada ya Kikristo ina mahali pake na kuhubiri nje ya hapo ni kosa la kisheria. Yeye hakuhubiri. Alimhudumia mama mzazi wa tajiri wake, bibi wa Kiomani aliyezaliwa Unguja na aliyependa Kiswahili kuliko Kiarabu. Siku moja bibi huyo akamwuliza, "Ukifumba macho kabla ya kula unasema nini?" Akamwambia. Kuanzia hapo bibi akawa anamsubiri amalize ndipo naye aseme bismillahi yake. Rafiki yangu aliponisimulia nilimwambia habari za yule binti wa Israeli katika Biblia, mateka aliyetumika katika nyumba ya Naamani. Akacheka, akasema yule binti angalau hakukatwa mshahara wa miezi miwili.

Sasa turudi kwenye mchele. Kwa safari ya Agosti nimependekeza tuondoe chakula chote kwenye bajeti, pamoja na mpishi. Mhazini amenijibu kwa hoja ambayo siwezi kuidharau: mvua za mwaka huu zilikatika mapema, uwele haukujaza, na ukimshushia mtu wa kijiji wageni arobaini katika mwaka kama huu unamla yeye mwenyewe. Imani gani hiyo, ananiuliza, inayofika na matumbo arobaini matupu? Ana haki. Wale sabini walitumwa wawili wawili, hawakupakiwa wote kwenye Coaster moja.

Kwa hiyo nimebadilisha pendekezo. Twende wanne. Tulale kwenye nyumba tofauti, tukae wiki tatu badala ya siku tatu, tuache spika nyumbani, na asubuhi tusaidie kazi iliyopo, kupepeta, kujenga choo cha shule, chochote mwinjilisti atakachosema. Kila mmoja achangie nyumba aliyofikia debe la unga, kama ndugu yeyote anavyofanya akienda kijijini, na akikaribishwa akale. Mchungaji amesema ni wazo zuri na ameliweka kwenye muhtasari, mahali ambapo mawazo mazuri ya kamati yetu hulala usingizi mzito. Mhazini, kwa mshangao wangu, amepiga hesabu na kukuta wiki tatu za watu wanne ni nafuu kuliko siku tatu za watu arobaini, na tangu hapo amekuwa upande wangu kwa bidii inayonitia wasiwasi.

Iliyobaki ni kwaya. Wameshashona sare.